Swali na Jibu: Ni nani anayechagua kromosomu X ya kuzimwa?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi kwamba kila seli ya mamalia jike huzima moja kati ya kromosomu zake mbili za X (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), na kwamba uchaguzi wa ipi izimwe na ipi iachwe hufanyika kwa nasibu. Barua nyingi zilizotufikia tangu hapo zinauliza juu ya uchaguzi huo, na karibu zote zinamtaja panya wa maabara. Hilo halitushangazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu jambo hili yametoka kwake. Tumechagua barua tano.

Ndugu Mhariri, naomba kueleweshwa kwa nini jike alazimike kuzima X moja, na wanasayansi walilijuaje jambo hili kupitia panya na si kupitia binadamu. — Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

Ndugu mwanafunzi, tuanze na hesabu. Panya dume ana kromosomu 40 katika kila seli, na mbili kati ya hizo ni X na Y. Jike naye anazo 40, lakini zake za jinsia ni X mbili. Y ni maskini wa jeni, ilhali X imebeba mamia ya jeni ambazo nyingi hazihusiani kabisa na kuwa dume au jike: zipo za kugandisha damu, za misuli, za ubongo na za kutumia sukari mwilini. Kama X zote mbili za jike zingefanya kazi kwa nguvu sawa, angetengeneza protini hizo kwa kipimo maradufu ya dume. Majaribio yameonyesha kwamba kiinitete jike kikishindwa kuzima X moja, hakikui hadi kuzaliwa salama.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa paka. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, nchini Kanada, waliona kidoa cheusi ndani ya viini vya seli za neva za paka jike, kidoa ambacho hawakukiona kwa paka dume. Mwaka 1959 Susumu Ohno na wenzake walionyesha kwamba kidoa cha namna hiyo ni kromosomu X moja iliyojikunja na kukazana. Mwaka huohuo William Welshons na Liane Russell, nchini Marekani, walitoa habari za panya wenye X moja tu bila Y, ambao walikuwa majike na tena waliweza kuzaa. Kwa maneno mengine, panya jike anaweza kuishi kwa X moja.

Aliyeziunganisha habari hizo ni Mary Lyon, mtaalamu wa jenetiki aliyefanya kazi Harwell, Uingereza. Yeye aliongeza ushahidi wa manyoya: panya jike aliyerithi jeni mbili tofauti za rangi, kila moja kwenye X yake, huwa na mabaka ya rangi mbili, jambo ambalo dume wa kawaida mwenye X moja hawezi kulionyesha. Katika makala yake ya mwaka 1961, ambayo haikuzidi kurasa mbili, alipendekeza kwamba mapema katika maisha ya kiinitete kila seli huzima X moja, ama iliyotoka kwa mama ama iliyotoka kwa baba, na kwamba uzao wote wa seli ile hushikilia uamuzi huohuo. Baka la rangi, kwa hiyo, ni ukoo wa seli uliotokana na uamuzi mmoja.

Panya alifaa kwa sababu ambazo binadamu hawezi kuzitimiza. Koo za maabara zimezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hadi wanyama wa ukoo mmoja wanafanana karibu kabisa kijeni. Mtafiti huamua nani aoane na nani. Mimba hukaa wiki tatu hivi. Na kiinitete kinaweza kuchunguzwa siku yoyote inayotakiwa.

Sisi huku Lamu paka ni wengi, na wale wenye rangi tatu huwa majike. Je, ni jambo hilohilo? — Msomaji, Lamu

Ndiyo, ni lilelile. Rangi ya chungwa ya paka hutawaliwa na jeni iliyoko kwenye X, na jike aliyerithi X moja ya chungwa na nyingine isiyo ya chungwa huwa na mabaka ya rangi zote mbili. Weupe unaoongezeka hapo unatokana na jeni nyingine isiyokuwa kwenye X. Mara chache huzaliwa paka dume wa namna hiyo, na kwa kawaida yeye huwa na X mbili pamoja na Y. Mwishoni mwa mwaka 2001, huko Texas, alizaliwa paka aliyetolewa nakala kutoka kwa seli ya paka jike wa rangi tatu. Vinasaba vya kiini cha seli zake vilikuwa vya yule wa kwanza, lakini hakuwa na hata baka moja la chungwa.

Ndugu Mhariri, ninatunza panya wa utafiti chuoni. Nimeambiwa kwamba katika machotara fulani uwiano wa X mbili si nusu kwa nusu. Je, ni kwa sababu seli zenye X dhaifu hufa, au uchaguzi wenyewe una upendeleo? — Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, yote mawili hutokea, nawe umefanya vyema kuyatenganisha, kwa sababu wengi huyachanganya. Tutaanza na lile linalotuvutia zaidi, yaani upendeleo ulio ndani ya uchaguzi wenyewe.

Mwaka 1961 Bruce Cattanach, ambaye baadaye alifanya kazi Harwell kama Lyon, alieleza panya wa ajabu ambaye kipande cha kromosomu yake ya 7 kilikuwa kimehama na kujichomeka ndani ya kromosomu X. Kipande hicho kina jeni inayohitajika ili manyoya yapate rangi. Sasa mfikirie jike ambaye kromosomu zake zote mbili za 7 zina jeni mbovu ya rangi, kiasi kwamba angepaswa kuwa mweupe mwenye macho mekundu, lakini moja ya X zake imebeba kipande kile chenye jeni nzima. Penye seli zilizoiacha X hiyo ifanye kazi, manyoya hupata rangi. Penye seli zilizoizima, hubaki meupe. Ukimtazama kwa karibu utaona mgongo na mbavu zimegawanyika kwa mistari na mabaka yasiyo na mpangilio, na ndani ya baka jeupe utakuta nywele za rangi zimejitokeza hapa na pale, kwa sababu jeni ya kromosomu ya 7 haijakaa nyumbani kwake na uzimaji huishika kwa ulegevu. Panya huyo akizeeka, rangi huzidi kuenea.

Cattanach alipata hivyo kipimo kinachosomeka kwa macho: kiasi cha manyoya yenye rangi kinakaribia kiasi cha seli zilizoiacha X ile ikiwa hai. Alipowazalisha panya hao na koo tofauti, aliona kwamba kiasi hicho kilipanda au kushuka kutegemea X nyingine ilitoka katika ukoo gani, na kwamba tabia hiyo ilirithiwa pamoja na sehemu moja mahsusi ya kromosomu X. Sehemu hiyo iliitwa Xce, yaani kidhibiti cha kromosomu X, na ilielezwa na Cattanach na Isaacson mwaka 1967.

Xce ina aleli kadhaa, yaani matoleo, zenye nguvu tofauti. Iliyo dhaifu huitwa Xcea, na inapatikana katika koo kama C3H, CBA, BALB/c na 129. Ya kati ni Xceb, ambayo ndiyo ya C57BL/6 na DBA/2. Yenye nguvu zaidi kati ya hizo tatu ni Xcec, ambayo wengi huipata kwa panya wa ukoo wa CAST, uliotokana na panya wa mwituni wa Asia. Nguvu hapa maana yake ni uwezo wa X kubaki hai. Jike mwenye aleli mbili zinazolingana huwa na uwiano wa karibu nusu kwa nusu. Jike mwenye Xcea upande mmoja na Xceb upande wa pili hupinda kidogo, yaani huachana na nusu kwa nusu, na mwenye Xcea pamoja na Xcec hupinda sana, hata X yenye Xcea ikabaki hai katika takriban robo tu ya seli, wakati mwingine ikikaribia theluthi.

Hapa ndipo tunapoomba wasomaji watulie. Kuwapo kwa Xce hakuondoi nasibu. Ni kama kurusha shilingi ambayo upande mmoja umeongezwa uzito: huwezi kusema mrusho unaofuata utaangukaje, lakini ukirusha mara nyingi upande mmoja utatokea zaidi. Ndani ya kiinitete kimoja, seli mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu bado huamua tofauti, na ndugu wawili wa mimba moja wenye aleli zilezile hutofautiana. Kinachorithiwa ni uzito wa shilingi. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo zima, kwamba bahati yenyewe ina jeni, na jeni hiyo inaweza kuwekwa kwenye ramani kama nyingine yoyote. Mwaka 2013 watafiti waliolinganisha koo nyingi walikibana kipande kinachoshukiwa hadi urefu wa takriban herufi 176,000 za vinasaba, katika eneo lenye sehemu zinazojirudia, nje ya jeni ya Xist tutakayoieleza baadaye.

Sasa tuje kwenye kufa kwa seli. Kuna panya wanaoitwa wa Searle, ambao kromosomu X na ya 16 zimebadilishana vipande. Katika majike hao wakiwa wakubwa, X inayokutwa imezimwa ni ile ya kawaida, karibu katika kila seli. Ukiwatazama wakati huo pekee ungedhani uchaguzi ulikuwa wa upande mmoja tangu mwanzo. Viinitete vichanga, hata hivyo, vilionyesha seli za aina zote mbili, na zile zilizozima X isiyo ya kawaida zilipungua kwa kasi, kwa sababu zilikuwa zimeharibu kipimo cha jeni nyingine. Huo ni mchujo wa baadaye. Kwa upande wa Xce, Sohaila Rastan alizichunguza mwaka 1982 seli za viinitete katika umri ambao uamuzi umetoka kufanyika, akakuta mpindo upo tayari. Upendeleo wa Xce, basi, ni wa uchaguzi wenyewe.

Kwa kazi yako, ushauri ni huu. Andika ukoo wa mama na ukoo wa baba kwa kila jike anayetumika katika utafiti wa jeni iliyoko kwenye X, na uandike ni X ipi imebeba jeni iliyobadilishwa. Mfano ni Mecp2, jeni ambayo hitilafu yake husababisha ugonjwa wa Rett, ambao ni wa ubongo, kwa wasichana. Jike mwenye nakala moja mbovu huwa mgonjwa zaidi au kidogo kutegemea ni sehemu gani ya seli za ubongo wake zimeiacha nakala hiyo hai. Mtafiti akihamisha kazi kutoka ukoo safi wa C57BL/6 kwenda kwa machotara bila kufikiria Xce, anaweza kuisifu dawa kwa nafuu iliyoletwa na aleli.

Nimekutana na majina Xist, Tsix na Rnf12. Kati ya hizo, swichi ni ipi? — Msomaji, Eldoret

Ndugu msomaji, anayezima ni Xist, lakini wengine ndio wanaoamua Xist iamke wapi na lini.

Tangu mwaka 1983 Rastan alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa kutumia panya waliovunjika X, kwamba kipande cha X kilichotengana na eneo fulani hakizimwi. Eneo hilo likaitwa kitovu cha uzimaji. Mwaka 1991 ndani ya eneo hilo ilipatikana jeni iliyofanya kazi kinyume cha nyingine, kwani ilisomwa kutoka kwenye X iliyozimwa peke yake. Ndiyo Xist. Haitengenezi protini. Zao lake ni uzi wa RNA, yaani nakala iliyosomwa kutoka kwenye jeni, wenye urefu wa herufi 17,000 hivi, ambao hauondoki kwenye kiini cha seli bali huivaa kromosomu ileile ulikotoka. Ukiutia rangi inayong'aa na kuutazama kwa hadubini, katika kila kiini cha seli ya jike unaona wingu moja dogo upande mmoja, na mahali palipo wingu ndipo palipo X iliyonyamaza. Mwaka 1996 Graeme Penny na wenzake waliifuta Xist kwenye X moja, na X hiyo haikuweza kuzimwa tena.

Uzi huo hauzimi kwa nguvu zake wenyewe. Kwenye ncha yake ya mwanzo kuna sehemu inayojirudia, na hapo hunasa protini iitwayo SPEN, ambayo huita vimeng'enya vya kuondoa alama za uhai kwenye jeni. Kisha hufuata alama za kunyamazisha, na mwisho vibandiko vidogo vya kemikali, yaani methili, huwekwa juu ya vinasaba vyenyewe. Anton Wutz na Rudolf Jaenisch walionyesha mwaka 2000, kwa seli za panya zinazoanza kukomaa, kwamba katika siku mbili za mwanzo ukiiondoa Xist jeni zinaamka, lakini baada ya hapo uzimaji unajishikilia wenyewe hata Xist isipokuwapo.

Tsix ni jirani na mpinzani. Inasomwa juu ya Xist lakini kutoka upande wa pili, na inaposomwa Xist haiwezi kuinuka. Jeannie Lee na Naifung Lu, mwaka 1999, waliikata Tsix kwenye X moja ya panya jike, na matokeo yalikuwa wazi: X iliyokatwa ndiyo iliyozimwa kila mara. Hapo nasibu iliondoka kabisa, kwa mkato mmoja wa vinasaba, na dume mwenye X iliyokatwa vivyo hivyo hakuizima X yake ya pekee. Seli, basi, huhesabu kwanza kama ina X zaidi ya moja, kisha huchagua, na kazi hizi mbili zinaweza kutenganishwa.

Kuhesabu ndiko kunakohusika na Rnf12. Jeni hii nayo iko kwenye X, hivyo jike mwenye X mbili hai ana kipimo maradufu cha protini yake. Protini hiyo husababisha kuharibiwa kwa protini nyingine, REX1, inayoikandamiza Xist. Kipimo kikiwa cha X mbili, REX1 hupungua na Xist hupata nafasi ya kuamka. X moja ikishazimwa, Rnf12 hupungua nayo, na iliyobaki huachwa salama. Ndiyo maana panya mwenye X moja hazimi yoyote, na mwenye X tatu huzima mbili.

Kuna jambo moja la panya ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Mwaka 1975 Nobuo Takagi na Motomichi Sasaki waligundua kwamba katika tishu zinazojenga kondo la nyuma la panya hakuna bahati nasibu yoyote: X ya baba ndiyo inayozimwa. Kiinitete cha panya huanza kuizima X ya baba kikiwa na seli chache tu. Baadaye kundi la seli litakalokuwa mwili wa mtoto huifungua tena, na ndipo, panya anapojishika kwenye mji wa mimba, seli hizo hufanya uchaguzi wa nasibu tuliokuwa tukiuzungumzia. Seli za kondo hazifungui. Matokeo yake yanaonekana kwa ukatili kidogo katika jaribio la mwaka 1997: jike aliyerithi Xist iliyofutwa kutoka kwa mama yake aliishi, huku X ya baba ikizimwa katika seli zake zote, lakini jike aliyerithi ufutaji uleule kutoka kwa baba alifia tumboni, kwa sababu kondo lake lilishindwa kuzima X yoyote. Jeni ni ileile na ufutaji ni uleule, ila mzazi aliyeuleta ndiye tofauti. Mwaka 2017 watafiti walitambua kwamba alama ya kwanza inayoilinda X ya mama huwekwa juu ya protini zinazoviringia vinasaba ndani ya yai.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali ya wilaya. Haya ya panya yanamgusaje mama anayepimwa kwetu? — Msomaji, Muheza

Ndugu mtaalamu, yanamgusa kwa sehemu, na mipaka ya sehemu hiyo ni ya kuheshimiwa. Binadamu naye huzima X moja kwa XIST (jeni za binadamu huandikwa kwa herufi kubwa), lakini kondo la mwanamke halizimi X ya baba kwa utaratibu kama la panya, wala TSIX ya binadamu haina urefu wa kuifunika XIST kama ilivyo kwa panya. Idadi ya jeni zinazokwepa uzimaji pia inatofautiana: kwa panya ni kama asilimia 3, kwa binadamu ni kama asilimia 15. Hatungependa mtu achukue aleli za Xce na kumsomea nazo mwanamke aliyepinda uwiano. Kwa mwanamke, mpindo mara nyingi hutokana na mchujo wa seli au na bahati ya kuanza na seli chache.

Pale unapofanyia kazi, mfano ulio karibu ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria na jeni yake iko kwenye X. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake walionyesha kwamba mwanamke mwenye nakala moja nzima na moja mbovu hana seli nyekundu zenye kimeng'enya nusu nusu. Ana makundi mawili, moja zima na jingine pungufu. Mwanamume huwa ama mzima ama mpungufu, kwa hiyo kipimo cha ndiyo au hapana humtosha. Mwanamke wa makundi mawili anaweza kuonekana mzima kwenye kipimo hicho huku theluthi au nusu ya seli zake zikiwa katika hatari ya kupasuka akimeza primakwini, dawa ya malaria. Penye uwezo wa kupima kiwango cha kimeng'enya, mwanamke anayetakiwa kupewa dawa hiyo apimwe kiwango. Na pasipo uwezo huo, jibu la kipimo chepesi linalosema ni mzima lisiwe sababu ya kuacha kumwambia arudi haraka akiona mkojo umekuwa mweusi au macho yamekuwa ya njano.